Kinyonga Aliyeuawa kwa Huruma

Kijana mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, alikwenda likizo kwa mjomba wake huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki. Mjomba anakaa kando ya mashamba ya chai, mahali ambapo jua likishazama ukungu hushuka mpaka kibarazani. Usiku mmoja walipita na tochi kwenye vichaka vya pembeni mwa msitu, mwanga ukamkuta kinyonga mchanga amelala kwenye ncha ya tawi: rangi imepauka, mkia umejikunja, na puani vijipembe vitatu ndiyo kwanza vinachomoza. “Mtazame, kisha umwache,” mjomba alimwambia. Kulipokucha kijana alirudi peke yake, na kopo la plastiki mkononi.

Hakuwa na nia mbaya. Alimpenda, na ndiyo sababu kisa chake kinafaa kusimuliwa. Anayempiga kinyonga mawe anajua anachokifanya, ila huyu mpaka mwisho aliamini kwamba anasaidia.

Akateremka na gari hadi Muheza, akaunganisha la Tanga, kopo likiwa ndani ya begi. Kwa safari ya nusu siku mnyama alitolewa kwenye mlima wenye kimo cha karibu mita 900, hewa ya wastani wa nyuzi 20 na mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka, akashushwa usawa wa bahari, ambako mchana wa Januari joto hupita nyuzi 30.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Na humo begini umeniletea nini?”

Bibi alipoona kilichomo alirudi nyuma hatua mbili. Pwani wapo wengi wanaoamini kwamba kinyonga ana sumu, na wengine kwamba huleta nuksi. “Huyo si wa kuingizwa nyumbani. Mrudishe ulikomtoa!” Kijana akacheka, maana shuleni alishafundishwa kwamba kinyonga hana sumu yoyote. Kweli hana. Bibi alikosea sababu, lakini hakukosea hukumu.

Makao aliyopewa mgeni yalikuwa tangi la kioo lililowahi kufugiwa samaki wa mapambo. Ndani mliwekwa tawi kavu, kisosi cha maji na kipande cha ndizi mbivu, kisha tangi likasogezwa dirishani ili “apate jua”. Kwa siku za mwanzo kinyonga alijitahidi. Alidaka inzi wawili watatu walioingia wenyewe. Ndizi hakuigusa, na kisosi hakukisogelea kabisa.

Majuma yakapita. Asubuhi moja ngozi ya kichwani ilianza kupauka, ikafuata ya mgongoni, kisha ikapasuka na kuning'inia vipande vipande, nyepesi kama ganda la kitunguu. Siku hiyo hata inzi alimwacha apite. Kijana akaingiwa na hofu. Akaenda kijiweni kuuliza, na mtaani mshauri hakosekani. Mmoja alimwambia amsugue kwa mafuta ya nazi ili ngozi ilainike. Mwingine alisema kinyonga akishindwa kujivua lazima abanduliwe, asije akakosa pumzi. Wa tatu akapendekeza uji mwepesi kwa bomba la sindano.

Yote matatu aliyatenda. Mafuta yalishika vumbi na kuziba matundu ya pua. Kwa kibano cha nyusi alivuta vipande vilivyokuwa bado vimeshikana na mwili, na palipobanduka ngozi ya chini ikabaki nyekundu, mbichi. Uji aliomlazimisha kwa kumpanua taya ulitokea puani. Kinyonga akageuka mweusi ubavuni, akafumba macho mchana kweupe.

Hapo ndipo bibi, ambaye hakuwahi kumgusa mnyama yule, alipomwita jirani yao, mzee mmoja aliyestaafu kazi ya misitu baada ya miaka mingi milimani.

“Babu, anaumwa,” kijana alisema. “Ngozi inambanduka na chakula hataki.”

“Nani kakwambia kubanduka ngozi ni kuumwa? Huyu mtoto, anakua. Ngozi ya zamani haimtoshi tena. Lakini wewe umeyafanya makuzi yake kuwa maradhi.” Mzee akakitazama kisosi. “Hebu niambie, kule msituni ulikuta visosi?”

Akamwonyesha kwa kidole, bila kumshika mnyama. Macho, ambayo kwa kinyonga mzima hujaza tundu zake na kutokeza nje, yalikuwa yamezama. Kinyesi kilichokauka sakafuni kilikuwa na ile sehemu ya mkojo, ambayo kwa kawaida ni nyeupe, imegeuka rangi ya chungwa. Zote mbili ni alama za kiu ya muda mrefu. Mguu wa nyuma ulikuwa umepinda kidogo kwenye goti. Na kwenye vidole, ambavyo kinyonga huwa navyo vitano kwa kila mguu, vimefungwa mafungu mawili ili kukamata tawi, palibaki pete za ngozi kavu. Kidole kimoja kilikuwa tayari cheusi, na ncha ya mkia vilevile.

Mzee akaagiza tangi litolewe dirishani. Wakamhamishia kinyonga kwenye mche wa mpera uliokuwa kwenye ndoo uani, penye kivuli na upepo, wakauzungushia wavu. Juu yake wakatundika kopo lililotobolewa kwa sindano, maji yadondoke tone moja moja juu ya majani. Kwa muda kinyonga hakufanya lolote. Kisha tone moja likang'aa kwenye ncha ya jani mbele yake, jicho moja likageuka kulifuata, halafu la pili, akafungua kinywa na kulilamba. Akalamba jingine, na jingine. Kijana aliyedhani mnyama wake hapendi maji alisimama pale akimtazama mpaka jioni.

Kesho yake walimwekea panzi mdogo kwenye jani. Kinyonga alilenga kwa macho yote mawili, akafungua kinywa, na ule ulimi ambao kwa mzima hufyatuka kupita urefu wa kiwiliwili ukatoka nusu, ukalegea, naye akaurudisha polepole bila kitu. Alijaribu tena mara moja, kisha akaacha. Ngozi iliyobaki ililainika na unyevu, ikatoka yenyewe bila kuvutwa. Lakini mifupa ilikuwa imeshalegea na vidonda vimeshaingia usaha. Hakumaliza juma.

Funzo la kwanza ni kwamba kujivua ngozi si ugonjwa, na dawa yake si mikono ya mtu. Kinyonga mchanga hujivua mara kwa mara, kila baada ya majuma machache, kwa sababu anakua haraka; mkubwa hukaa muda mrefu zaidi. Ngozi hutoka vipande vipande, naye hujisugua matawini kuisukuma. Akipungukiwa hamu ya kula siku moja au mbili kabla ya hapo, ni kawaida. Kinachomsaidia ni unyevu: majani yanyunyiziwe asubuhi na jioni, na pawe na vijiti vya kujisugulia. Kazi ya mtu inaanza ngozi ikishatoka, nayo ni kukagua vidole, ncha ya mkia na kope. Pete ya ngozi iliyobaki hapo hukauka, hukaza na kuzuia damu, na baada yake kiungo hufa. Hata hiyo hulainishwa kwa maji, haing'olewi kwa nguvu.

La pili: kutokula ni dalili, na dalili haitibiwi kwa kulazimisha chakula. Tafuta chanzo. Kwa kawaida kinyonga hayatambui maji yaliyotuama. Hunywa matone ya umande na mvua juu ya majani, hivyo anaweza kufa kwa kiu pembeni ya bakuli lililojaa. Joto kali humwondolea hamu, na kwa kinyonga wa milimani tangi la kioo juani ni jiko. Hofu pia humfunga kinywa, kwa maana ni mnyama wa upweke, anayechukia kushikwashikwa na hata kumwona kinyonga mwenziwe. Minyoo nayo ipo kwa wengi waliotoka porini. Na jua linalopita kwenye kioo halimfai, kwa kuwa kioo huzuia miale ambayo ngozi yake huihitaji kutengeneza vitamini D. Bila vitamini hiyo mwili hauwezi kutumia madini ya chokaa, mifupa hulainika, miguu hupinda na ulimi hukosa nguvu ya kufyatuka. Wakati huo mnyama anaweza kuwa na njaa kali ilhali mtazamaji anasema hataki kula.

Chakula chenyewe ni wadudu hai wa aina mbalimbali, wasiozidi upana wa kichwa kati ya jicho na jicho: panzi wadogo, nyenje, inzi. Wasitoke kwenye bustani iliyopuliziwa dawa, maana sumu iliyomwua mdudu humfikia na anayemla. Wafugaji wenye ujuzi hunyunyizia wadudu unga wa chokaa maalumu kabla ya kuwatoa. Ndizi, uji na ugali havimo. Macho yakizama, au kinyonga mchanga asipokula kwa siku kadhaa mfululizo, apelekwe kwa daktari wa mifugo, siyo kijiweni.

Haya yanamhusu mwenye kibali, au ndugu yetu aliyeko Ulaya anayefuga kinyonga wa Yemeni aliyezalishwa mikononi mwa watu. Kijana wetu hakuwa miongoni mwao, na hilo ndilo funzo la tatu.

Usambara ni mojawapo ya sehemu zenye aina nyingi za vinyonga katika nchi yetu, na baadhi hawapatikani penginepo duniani. Yule wa pembe tatu alielezwa kisayansi na Mjerumani Paul Matschie mwaka 1892, na jina lake la kitaalamu, Trioceros deremensis, limetokana na Derema, kwenye milima hiyohiyo. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti Amani. Mwanazuolojia wake, Julius Vosseler, naye ameachiwa kinyonga mwenye jina lake, Kinyongia vosseleri. Mnyama aliyetiwa ndani ya kopo la plastiki ametoka katika ukoo ambao makao yake yote ni vipande vya msitu kwenye milima michache.

Ndiyo maana sheria ipo. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa mwaka 1997. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kukamata mnyamapori bila kibali. Biashara ya kimataifa ya vinyonga inadhibitiwa na mkataba wa CITES, na mwaka 2016 Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Mtoto aliyechukua mmoja anaweza kujiona hana kosa kubwa, lakini mlima haupotezi wanyama wake kwa mtu mmoja. Hupungukiwa na kila aliyesema “huyu mmoja tu”.

Tena, ukishamchukua, si rahisi kumrudisha. Wapo wanaodhani wakichoka watamwachia kwenye ua wa michongoma mtaani. Ua huo una wenyewe, yule kinyonga wa kawaida wa pwani mwenye mikunjo ya ngozi shingoni, aliyezoea joto na ukame. Wa mlimani hatamaliza kiangazi hapo. Aliye naye nyumbani asimtupe wala asimfiche: awasiliane na ofisi ya wanyamapori au ya misitu iliyo karibu, waelekeze namna ya kumrejesha alikotoka.

Wazazi na walimu wa Tanga, Muheza, Korogwe na Lushoto, wapelekeni watoto wakawatazame vinyonga usiku kwa tochi, wakiwa na mwongozaji anayezijua njia za msituni. Na wewe msomaji, ukimkuta kinyonga anavuka barabara baada ya mvua, usimpige jiwe, wala usimtie mfukoni. Msogezee kijiti akishike, mvushe upande aliokuwa akiuelekea, kisha endelea na safari yako.