Je, Kutojua ni Kosa?

Yuko mtu asiyejua kwa sababu hajaonyeshwa, na yuko asiyejua kwa sababu hataki kutazama. Je, wote wawili wana kosa moja? Tutafute jibu katika habari ya nyota.

Jua letu lina sayari zake. Utaridi, iliyo ndogo, hulizunguka kwa karibu. Mshtarii, jitu la gesi, yakaa mbali, nayo humaliza mzunguko mmoja kwa miaka 12 hivi. Basi wenye elimu wengi walidhani kwamba hiyo ndiyo desturi ya nyota zote. Mwaka 1952 Otto Struve aliandika kwamba huenda ziko sayari kubwa zilizo karibu kabisa na nyota zao, akaonyesha na njia ya kuzitafuta. Wachache walimsikiliza.

Mwaka 1995 Michel Mayor na mwanafunzi wake Didier Queloz, wakitumia darubini ya Haute-Provence huko Ufaransa, walipima mwanga wa nyota iitwayo 51 Pegasi. Wakatambua kwamba inayumba, kana kwamba kitu kizito chaivuta huku na huku. Kitu hicho huizunguka kwa siku 4 na robo tu! Ni jitu la gesi, nalo liko mbali na nyota yake kama kilometa milioni 8, hali Utaridi iko kama kilometa milioni 58 kutoka Jua letu.

Je, walitangaza mara moja? Hasha. Walipiga hesabu, wakangoja miezi kadhaa hata nyota ile ikaonekana tena usiku, wakapima upya. Hesabu ikapatana. Ndipo walipotangaza, mwezi wa Oktoba.

Jibu ni hili: kutojua si kosa. Waliokosea walikuwa na mfano mmoja tu mbele yao. Kosa huanza pale mtu anapoambiwa, “Njoo utazame,” naye akajibu, “Sina haja, nimekwisha kujua.” Nasi twafanya vivyo hivyo. Twaijua nyumba moja, ile tuliyolelewa, tukaifanya sheria ya watu wote. Akija mgeni mwenye desturi nyingine, twamhukumu kabla ya kumsikiliza. Wala si kwamba tusadiki kila neno upesi. Wataalamu wale walipima mara mbili. Kumtazama jirani kwa saburi, kabla ya kumhukumu, ni haki yake.

Wazee husema: kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini aliyeishi sana bila kutazama, ameona nini?