Njaa na Khofu

 



Katika sura fupi ya Kureshi, ambayo watoto wetu huihifadhi chuoni kabla hawajaweza kufunga vifungo vya kanzu zao, Mwenyezi Mungu amewakumbusha watu wa Makka neema mbili, akawataka wamuabudu kwa ajili ya hizo: kwamba amewalisha wasife kwa njaa, na kwamba amewapa amani wasiishi kwa khofu. Na katika Suratun-Nahl amepiga mfano wa mji uliokuwa na amani, na riziki yake ikiujia kwa wasaa kutoka kila upande. Watu wake walipozikufuru neema hizo, wakaonjeshwa njaa na khofu kwa pamoja. Na Nabii Ibrahim (A.S.) alipouombea mji ule, aliomba amani kisha akaomba riziki katika dua moja.

Tazameni basi, mara tatu mambo haya mawili yametajwa pamoja, nasi twayatenganisha. Wakubwa wetu wakizungumza juu ya usalama, huzungumza habari za askari na bunduki. Na wakizungumza juu ya mafuta, huzungumza habari za kodi na dola, kana kwamba hizo ni habari za nchi mbili. Nasi barazani twafanya vivyo hivyo. Makusudio yangu leo ni kuonyesha kuwa njaa na khofu ni ndugu, na kuwa katika mambo haya serikali ina fungu lake nasi tuna fungu letu. Na kwa kuwa haifai mtu kunyoosha kidole kabla ya kujitazama, nitaanza kwa kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na mwanafunzi katika darsa yangu ya baina ya Magharibi na Isha. Baba yake alikuwa mvuvi, mwenye mashua ndogo ya mashine. Petroli ilipopanda, mzee yule akawa huenda baharini siku tatu badala ya sita, kwani mara nyingi samaki wa siku hawakurejesha hata mafuta ya siku ile. Kijana akaacha shule, akawa hushinda nje ya msikiti toka asubuhi hadi jioni. Usiku mmoja akaniuliza mbele ya wenziwe: "Sheikh, huu ni mwaka wa pili watusomesha nguzo za udhu. Mbona hutwambii hukumu ya mtu aliyekamatwa bila ya kosa? Na mbona hutwambii kama jihadi hii wanayotuitia watu ni jihadi ya kweli au si ya kweli?"

Nikamjibu: "Hayo ni mambo ya siasa. Soma kitabu kilicho mbele yako." Akanyamaza.

Haikupita miezi miwili, mamake akaja mlangoni pangu, mkononi ameshika kitambulisho cha mwanawe alichokikuta chini ya mto. Akaniambia: "Sheikh, mwanangu alikuwa akikuamini wewe. Alikwambia nini kabla hajaondoka?" Nami sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa alichoniambia ni suali, na suali lile nililizima kwa mkono wangu. Mpaka leo hajulikani alipo. Wako wasemao amevuka mpaka, na wako wasemao amechukuliwa usiku na watu wasiojulikana. Mama yule hajui amuombee dua ya aliye hai au amrehemu kama maiti.

Basi leo nataka kulijibu suali lile, ingawa nimechelewa.

Ama suali lake la pili, jibu lake ni kwamba ile si jihadi. Mtume (S.A.W.) ametuonya juu ya ghulu, yaani kupita mipaka katika dini, akabainisha kuwa ndiyo iliyowaangamiza waliokuwa kabla yetu. Na ghulu ya kwanza kumwaga damu katika umma huu ni ile ya Makhawariji. Watu wale walisali sana, wakafunga sana, na nyuso zao zilikuwa na alama za sijida. Wanavyuoni wa tarikhi wamesimulia kuwa mmoja wao aliokota tende iliyoanguka chini ya mtende akaitia kinywani, wenziwe wakamgombeza mpaka akaitema, kwa kuwa hakumuomba mwenyewe. Kisha watu hao hao wakamchinja Abdullahi bin Khabbab, mwana wa sahaba, na wakampasua mke wake aliyekuwa na mimba. Tende waliionea haya. Damu ya Mwislamu hawakuionea.

Je, tofauti ni ipi baina ya hao na waliowaua watu 67 katika duka la Westgate mwaka 2013, au waliowaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, alfajiri ya mwezi 2 Aprili 2015? Wanafunzi wale walikuwa watoto wa watu, wengine wakiwa wamelala. Qurani imefanya kuiua nafsi moja bila ya haki kuwa kama kuwaua watu wote. Hakuna sharti katika aya hiyo kuwa nafsi hiyo iwe ya Mwislamu.

Na tusidhani kuwa ghulu ni maradhi ya Waislamu peke yao. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, yalifukuliwa makaburi ya zaidi ya watu 400, wafuasi wa mhubiri wa Kikristo aliyetuhumiwa kuwaamrisha wafunge mpaka wafe ili waonane na Mola wao. Palipo na mtu mwenye dhiki, na mwenye ulimi mtamu, na wanavyuoni walionyamaza, ghulu humea, iwe msikitini au kanisani.

Dini yetu tuitafute kwa mwalimu Salah Farah. Mwezi wa Disemba 2015, basi lililokuwa likienda Mandera lilisimamishwa na watu wenye silaha, wakawataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu wakakataa. Mwalimu huyo akapigwa risasi, na mwezi wa Januari 2016 akafariki. Hakuwa na mimbari wala kilemba kikubwa, lakini kitendo chake ni darsa iliyo bora kuliko mwaka mzima wa darsa zangu.

Ama suali la kwanza, la aliyekamatwa bila ya kosa, jibu lake tulitafute kwa Sayyidna Ali (R.A.), kwani yeye ndiye aliyepambana na Makhawariji akiwa mtawala. Walimkufurisha hadharani na wakampigia kelele msikitini. Naye akatangaza kuwa hatawazuilia misikiti, wala hatawakatia fungu lao katika mali ya umma, wala hataanza yeye kuwapiga vita. Kisha akamtuma Abdullahi bin Abbas kwenda kujadiliana nao kwa hoja, na maelfu wakarejea. Hakuwapiga huko Nahrawan, mwaka 38 wa Hijra, ila baada ya kumwaga damu na kukataa kuwatoa wauaji. Alitanguliza hoja, akamwadhibu aliyetenda, akamwacha asiyetenda. Na khatima yake aliuawa na mmoja wao, mwaka 40. Lakini hata alipokuwa akifa aliusia kuwa asiuawe mwingine badala ya muuaji wake.

Sasa tuyalinganishe hayo na tuliyoyaona hapa. Serikali ina wajibu wa kuwalinda raia, na askari wetu wengi wamekufa kwa kutekeleza wajibu huo. Mwenyezi Mungu awalipe. Lakini mwezi 2 Februari 2014 askari waliingia Masjid Musa, Majengo, wakakamata zaidi ya watu 100, na miongoni mwao watoto. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo, maelfu ya Wasomali wa Nairobi walikusanywa, wengi wakazuiwa katika kiwanja cha Kasarani, na dalili iliyotosha ilikuwa ni ukoo wao. Baina ya mwaka 2012 na 2014 wahubiri waliotuhumiwa uchochezi waliuawa Mombasa kwa risasi kabla ya hukumu za mahakama. Na Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu, ambaye yeye aliwapinga wachochezi, naye akauawa Likoni mwezi wa Juni 2014. Basi aliyesema huku akafa, na aliyesema kule akafa. Vijana wakajifunza kuwa mwenye kusema ni bunduki tu.

Mwislamu hapingi sheria yenye kumshika mwovu. Katiba ya mwaka 2010 imeamrisha kuwa mwenye kukamatwa aambiwe kosa lake na afikishwe mahakamani ndani ya masaa 24, au mara korti ifunguliwapo. Na sheria ya usalama ya Disemba 2014 ilipopita mipaka, Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vyake vinane mwezi wa Februari 2015. Hili ni jambo la kushukuru, na ni funzo kwa kijana: mlango wa haki ni mzito, lakini husukumika. Mwenyezi Mungu ametukataza kuacha uadilifu hata kwa watu tunaowachukia, na amehukumu kuwa nafsi haibebi mzigo wa nafsi nyingine. Amri hiyo ni ya polisi, na ni ya mwenye kuripua bomu vile vile.

Ama mafuta, wako katika sisi wasemao: "Bei ni kadari, tusubiri." Hushika Hadithi ya kuwa bei zilipanda Madina, watu wakamtaka Mtume (S.A.W.) awapangie, naye akakataa, akiichelea dhulma ya mtu yeyote katika mali yake. Hadithi hiyo ni sahihi, lakini yahusu soko lililopanda lenyewe, pasipo hila ya mtu. Shekhe Ibn Taymiyya amelibainisha hilo: palipo na dhulma ya wafanyao biashara, mtawala yampasa kuingia kati. Na mafuta yetu hayapangwi na soko peke yake. Tarehe 14 ya kila mwezi mamlaka ya nishati ndiyo hutangaza bei. Vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipandisha bei duniani, na shilingi yetu ikadhoofika. Hayo tuyakubali kwa insafu. Lakini mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilitolewa katika asilimia 8 ikatiwa 16, na mwezi wa Septemba mwaka huo lita ya petroli ikapita shilingi 200. Mwezi wa Julai 2024 tozo ya barabara ikatolewa shilingi 18 ikafikishwa 25 kwa lita. Nayo hulipwa hata na mvuvi ambaye mashua yake haikanyagi barabara. Jambo lililoandikwa kwa kalamu ya mtu haliitwi kadari ili mtu huyo asiulizwe.

Ajabu iliyoje kwetu watu wa Mombasa! Meli za mafuta ya nchi nzima hushusha hapa Kipevu, nasi twaziona kwa macho. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilisimama mwaka 2013. Na mzee wa mashua hana cha kutia katika mashine yake. Katika mwaka wa Ramada, mwaka 18 wa Hijra, Sayyidna Umar (R.A.) alijizuilia samli na nyama mpaka raia wapate, rangi yake ikabadilika. Hatuwatakii wakubwa wetu wabadilike rangi. Twawataka wakati wa kuandika kodi wamkumbuke mvuvi, kama wamkumbukavyo wanapoandika habari za usalama wa pwani.

Wala sisemi kuwa njaa peke yake humfanya mtu muuaji. Masikini wengi hufa na mikono yao safi, na miongoni mwa walioshambulia Garissa alikuwamo kijana aliyesoma sheria chuo kikuu, mtoto wa chifu. Njaa haimuui mwenzio. Njaa humfungulia mlango mwenye kuja na ahadi ya fedha na maneno ya ghadhabu. Na akija, humkuta kijana hana kazi, hana mwenye kumjibu, na jana alipigwa kofi na askari.

Sasa fungu letu. Twalalamikia bei ya petroli, kisha twafanya harusi ya siku saba na magari ya kukodi yazunguke mji yakipiga honi. Fedha ya usiku mmoja ingetia mafuta mashua nyingi kwa mwezi. Basi nawashauri mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uweke sanduku la kardhi hasan, mvuvi akope mafuta bila ya riba, alipe akipata. Pili, kijana wa mtaa akikamatwa, waende wazee wawili na wakili siku ile ile, wajue yuko kituo gani na ameshtakiwa nini. Akiwa na kosa ahukumiwe, asiwe na kosa arudi kwa mamake. Tatu, na hili ni letu sisi wenye vilemba: kila wiki baada ya Isha tukae na vijana, tufunge kitabu, tuwaache waulize, wala lisiwepo suali la kuitwa siasa likafukuzwa.

Mimi nimeanza hilo la tatu. Usiku wa kwanza walikuja wanne, na mmoja aliniuliza suali lile lile. Nilimjibu kama nilivyokujibuni hapa. Mama yule hukaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akasikiliza mpaka mwisho. Hajaniambia kuwa amenisamehe, nami sijathubutu kumuomba.

Ewe Mola wetu, tulishe tusipate njaa, na utupe amani tusiishi kwa khofu. Mrejeshe kila aliyepotea, na utupe sisi ulimi wa kusema haki kabla ya wakati kupita. Amin.