Aliyeacha Pombe Akae na Nani?

Mtu wa Mbulu au Hanang akiacha pombe, mara nyingi huachana pia na wenzake. Katika wilaya hizo pombe ya mtama huandamana na kazi ya ujima, nayo pombe ya asali ya Wabarbaig ni heshima ya wazee na ya mazishi yao. Penye chungu ndipo habari zitolewapo. Basi twashangaa nini mtu huyo akirudi chunguni?

Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, ikafanya vema. Baraza la wanawake wa Kibarbaig nalo lilijulikana zamani kwa kumtoza ng'ombe mwanamume aliyewadhulumu. Lakini marufuku na faini havimpi mtu mwenzi wa jioni. Mwaka 1935, huko Akron, Marekani, walevi wawili, mmoja wao daktari, walianza kusaidiana kwa mazungumzo tu, wakafaulu.

Wako wasemao: “Sikumlevya mimi, kwa nini niache kikombe changu cha halali?” Swali hilo si la kipuuzi, kwani kunywa kwa kiasi si dhambi. Walakini Mtume Paulo, alipowaandikia Warumi, alitaka hata divai iachwe ikiwa yamkwaza ndugu. Twaona deni letu si kuapa kutokunywa maisha, bali kukiweka kikombe kando ndugu huyo aingiapo.

(Aliyelewa miaka mingi asiachishwe kwa kufungiwa nyumbani: aweza kushikwa na kifafa. Apelekwe hospitali, kama ile ya Haydom.)

Na penye arusi, mwenye mji amwandalie chai, amketishe na wasiokunywa, wala asimwulize mbele ya watu kwa nini hanywi.