Picha ya Mtoto Si Kliniki

Binti zangu mliobeba mimba, nilikuwa mkunga miaka mingi kabla ya kustaafu, na haya nayasema kwa uchungu.

Siku hizi mimba ikifika miezi mitano, binti anaingia kituo cha vipimo cha mtaani, anapiga utrasaundi, anauliza jambo moja tu: wa kike au wa kiume? Akishajibiwa anawatumia wenzake picha, kisha anarudi nyumbani akiamini amepimwa. Kadi ya kliniki hana.

Mmoja wa hao tulimpokea usiku. Uso umevimba, kichwa kinamuuma siku ya tatu, anameza dawa za maumivu na kulala. Picha ya mwanawe ilikuwa kwenye simu. Presha tulikuta 170 kwa 110, na tangu mimba iingie hakuna aliyewahi kumfunga mkanda wa presha mkononi. Degedege zilimshika wakati tunaandaa sindano ya magnesiamu. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Alikuwa wa kiume, kama walivyomwambia.

Utrasaundi haikuambii presha yako wala protini iliyo kwenye mkojo wako, na kifafa cha mimba huanzia huko. Kwa kawaida hali hiyo hujitokeza baada ya wiki ya 20, yaani wakati kichefuchefu kimekwisha na mwili umechangamka, unajiona huna haja ya mtu. Kipimo chenyewe ni mkanda mkononi na kijiti kwenye kikopo cha mkojo. Presha ikifika 140 kwa 90, mkunga hakuachi uondoke hivi hivi.

Msidhani naikataa picha. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri mjamzito apigwe utrasaundi moja kabla ya wiki ya 24, na aonane na wahudumu mara nane, ya kwanza ndani ya wiki 12. Hiyo 24 ina maana yake. Mimba ikiwa changa, watoto hukua kwa mwendo unaokaribiana, kwa hiyo ukubwa wao unataja umri wa mimba vizuri. Baadaye kila mmoja anafuata umbo lake. Na wengi wenu hamkumbuki tarehe ya hedhi ya mwisho, msibishe.

Picha hiyo huonyesha pacha, moyo, uti wa mgongo, na kondo la nyuma limekaa wapi. Kondo likikutwa chini wiki ya 20, usilie. Mara nyingi hupanda kadiri mfuko wa uzazi unavyotanuka. Rudia picha karibu na wiki ya 32. Likibaki limeziba njia, damu inaweza kumwagika bila maumivu yoyote, na mama huyo huzaa kwa upasuaji. Sasa ukijua jinsia tu na karatasi ya majibu ukaitupa, mkunga atajuaje?

Wanaowatisha kwamba mionzi inachoma mtoto wamekosea. Yale ni mawimbi ya sauti, si eksirei.

Mama zetu walitufundisha kuficha mimba changa, wakiogopa macho ya watu. Sawa, wafiche majirani. Mkunga usimfiche, maana kaswende, VVU na upungufu wa damu vikijulikana mapema vina dawa, na SP za kukinga malaria huanza wiki ya 13. Nawe kijana uliyeoa, usimpe mkeo nauli ukaona umemaliza. Ingia naye chumbani, usikie presha ni ngapi.

Na wewe wa miezi mitano au sita: kichwa kikiuma kisiachie, macho yakaona vimulimuli, uso ukavimba, damu ikatoka, au mtoto aliyekuwa akicheza akanyamaza, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Amsha mtu, mwende hospitali usiku huo huo.