Dini Haiokoi, Lakini Mjane Atalishwa na Nani?

Masomo: Marko 12:38 hadi 13:2, Matendo 6:1-7

Ujumbe huu niliuhubiri katika ibada zote mbili, na kwa vile wengi waliomba kuusoma tena nyumbani, nimeuandika hapa kwa urefu kidogo kuliko nilivyousema.

Kuna neno ambalo kila aliyeokoka katika nchi hii analijua: dini haiokoi. Sisi Wapentekoste tumelihubiri sokoni, ndani ya matatu, kwenye krusedi, na kwenye matanga ambako hata hatukuwa tumepewa nafasi ya kuzungumza. Tulimwambia jirani yetu Mwanglikana na Mkatoliki kwamba kubatizwa utotoni, kuwa na kadi ya kanisa na kuvaa sare ya akina mama hakumfikishi mtu mbinguni. Yesu ndiye anayeokoa. Neno hilo ni kweli, na leo siliondoi hata nukta moja.

Lakini tulipokuwa tukilihubiri, watoto wetu walikuwa wameketi pale nyuma wakisikiliza. Sasa wamekua, na wanatuambia sisi neno lile lile. Kijana mmoja aliyelelewa katika shule yetu ya Jumapili aliniambia hivi majuzi tulipokutana steji: "Pasta, mimi na Yesu tuko sawa. Ni nyinyi watu wa kanisa ndio siwaelewi." Hakunitusi. Hata alinibebea mfuko wangu mpaka kwenye gari. Anaomba kila asubuhi. Anasikiliza mahubiri kwenye simu, mengine ya watumishi wanaohubiri vizuri kuniliko. Na fungu la kumi anamtumia nyanya yake kijijini kwa M-Pesa, "juu huyo najua amekula."

Katika sensa ya 2019, Wakenya zaidi ya 750,000 walisema hawana dini. Mtu akikutajia hesabu hiyo, kumbuka kijana huyu hayumo. Yeye aliandikwa Mkristo, na Mkristo ndiye. Hajamwacha Yesu. Ametuacha sisi.

Tumjibu vipi? Rahisi ni kumrushia Waebrania 10:25, ule mstari wa kutoacha kukusanyika, halafu tuone kama tumemaliza. Au tumpe mfano wa kaa la moto lililotolewa jikoni likazimika peke yake. Mfano huo mmeusikia mpaka umechakaa, na ni mfano mzuri. Lakini yeye atakuuliza: na jiko likiwa limetoboka chini, je, pasta?

Basi tufungue Marko 12. Yule mjane wa senti mbili tunamjua wote. Wakati wa sadaka ukifika anaitwa, anasimulia habari zake, halafu tunamrudisha kabatini hadi Jumapili ijayo. Shida ni kwamba tunamsoma peke yake. Vichwa vidogo unavyoviona katika Biblia yako viliwekwa na wachapishaji, Marko hakuviandika. Anza kusoma mstari wa 38. Yesu anawaonya watu wajihadhari na walimu wa sheria, wapenda kanzu ndefu na viti vya mbele, wanaokula nyumba za wajane huku wakiomba maombi marefu. Mstari unaofuata tu, Yesu ameketi kulielekea sanduku la sadaka, na ni nani anayekuja? Mjane. Anaweka kila kitu alichokuwa nacho cha kuishi. Halafu mlango wa 13 unaanza, wanatoka nje, na mwanafunzi mmoja anamshangilia Yesu kwa ukubwa wa mawe ya hekalu. Yesu anamjibu kwamba hapatabaki jiwe juu ya jiwe. Na kweli, mwaka wa 70 majeshi ya Roma yalilibomoa.

Kwa hiyo mama yule amesimama katikati, upande mmoja kuna wala nyumba, upande wa pili kuna jengo linalosubiri kuanguka. Sasa angalieni Yesu hakufanya nini. Hakumkimbilia kumwambia, mama, chukua senti zako urudi nyumbani, hawa ni wezi. Wala hakuwaambia wanafunzi, mnaona vile hekalu limebarikiwa? Aliiheshimu imani ya mama, akawaonya watu juu ya viongozi, akasema ukweli kuhusu jengo. Yote matatu, kwa kikao kimoja. Mchungaji anayetumia andiko hili kutetea sanduku la sadaka hajalisoma lote. Na mwenye kulitumia kuwacheka akina mama wanaotoa naye hajalisoma.

Tena Yesu mwenyewe hakuiacha nyumba ya sala. Luka 4:16 inasema ilikuwa desturi yake kuingia sinagogi siku ya sabato. Siku ile ile, watu wa sinagogi hilo, watu wa kwao Nazareti, walimpeleka ukingoni mwa mlima ili wamtupe chini. Wako wasomaji wangu walioumizwa na kanisa, na sisemi uchungu huo ni mdogo. Nawaomba tu msogee mpaka mstari wa 31. Yesu yuko Kapernaumu, ni sabato, na anafundisha.

Nikifika Matendo 6 huwa natamani kijana wangu wa steji angekuwa ameketi mstari wa mbele. Hili ni kanisa la Pentekoste lenyewe. Halina jengo, halina cheti cha msajili, halina mhuri. Roho ameshuka, maelfu wameokoka, watu wanauza mashamba ili wenzao wale. Hapo hakuna dini, kuna uhai mtupu. Na katikati ya uhai huo, wajane wanalala njaa.

Si wajane wote. Ni wale waliosema Kigiriki. Wajane wa Kiebrania walipata chakula chao cha kila siku, wale wengine wakasahauliwa. Luka hasemi kwamba kuna mtu aliyekusudia uovu. Watu walikuwa wengi, na penye watu wengi bila utaratibu, anayesahauliwa ni yule asiye na mtu wake anayegawa. Nanyi mnajua lugha ya mtu inavyoweza kumnyima kitu katika nchi hii, sina haja ya kufafanua.

Mitume wangeweza kusema tuombe tu. Wangeweza kusema kila mtu na alishe nyanya yake. Badala yake waliitisha mkutano, wakaagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, wawekwe juu ya kazi hiyo. Someni majina yao: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote saba ni majina ya Kigiriki! Walionung'unika ndio waliokabidhiwa meza. Mimi mstari huo umenisumbua wiki nzima, kwa sababu sisi mtu akinung'unika huwa tunamwombea roho ya uchungu imtoke.

Hapo ndipo utaratibu wa kanisa ulipoanza: vyeo, kamati, uchaguzi, kuwekewa mikono. Baadaye Paulo anamwelekeza Timotheo ni wajane gani waandikwe, na hata umri anautaja, miaka 60. Hiyo ni rejista, wapendwa. Kuna mahali karani aliandika majina. Utaratibu ulizaliwa kwa sababu ya mama aliyesahauliwa, na Yakobo naye anapoitaja dini iliyo safi, hazungumzii kanzu wala jengo, anawataja yatima na wajane. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama kanisa letu limekuwa dini tu, kuna jambo moja la kwenda kuangalia. Mjane wa Marko 12 aliliwa na utaratibu. Mjane wa Matendo 6 alilishwa nao. Wa kwetu yuko katika mlango gani?

Kijana wangu, kama unasoma haya, kwa nyanya yako uko sawa. Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imetolewa kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Hiyo iko Marko 7. Sitakuomba umpunguzie nyanya hata shilingi. Nakuuliza habari za yule mzee wa nyumba ya pili kutoka kwa nyanya yako, ambaye hana mjukuu mwenye simu. Mahubiri ya kwenye simu hayamjui kwamba yupo. Kumjua kunahitaji mtu wa kumtembelea, mwingine wa kuandika jina lake, na mwingine wa kuhakikisha unga uliotolewa ndio uliofika. Kabla hujajua umeshaunda kamati, na kamati ndiyo hiyo kanisa unayoikimbia.

Lakini nasi tusikie yao. Juni 2024, wakati wa maandamano ya kupinga Muswada wa Fedha, vijana waliuliza kwa sauti kwa nini mimbari zetu zimekuwa jukwaa la siasa na kwa nini bahasha za waheshimiwa haziulizwi zimetoka wapi. Wako watumishi waliosema hao ni watoto wasio na adabu. Novemba mwaka huo huo, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa michango ya Rais na wanasiasa wengine iliyotolewa katika parokia ya Soweto, likaagiza irudishwe. Ndiyo, Wakatoliki, wale tuliokuwa tukiwaambia dini haiokoi. Hapo mwenye utaratibu alikuwa na uwezo wa kusema hapana. Mhubiri ambaye kanisa ni lake, gari ni lake na nambari ya sadaka ni ya simu yake, ni nani atakayemwambia rudisha?

Na tusisahau Shakahola. Kuanzia Aprili 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi. Ya mahakama nayaacha mahakamani. Watu wengi walisema, mnaona sasa, hiyo ndiyo dini. Mimi naona jambo lingine ndani yake. Nauliza ni mzee gani, ni baraza gani, lilikuwa na mamlaka juu ya mhubiri yule la kumwambia, ndugu, hapo umepotoka, keti chini. Imani isiyo na wa kuiuliza inaweza kuwaua watoto.

Wazee wetu wa uamsho walilielewa hili. Mwaka 1929 Simeoni Nsibambi, Mganda, na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Kampala, wakakaa pamoja katika Neno na maombi. Moto ukashika Gahini, Rwanda, ukaenea, na kufikia 1937 ulikuwa umefika Kabete. Watu wale walihubiri kwamba dini haiokoi kabla yetu, na kwa ukali kuliko sisi. Lakini wengi wao hawakuondoka katika makanisa yao ya zamani. Walibaki, na kila wiki walikutana kuweka maisha yao nuruni, mbele ya wenzao, kwa majina ya dhambi zenyewe. Mtu akiokoka alirudisha alichoiba na kulipa madeni yake. Na hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, wengi wa ndugu hao walikataa kiapo cha Mau Mau, na wako waliokataa bunduki za serikali vilevile. Baadhi yao waliuawa. Ukiuliza nguvu hiyo ilitoka wapi, ilitoka kwa Yesu, sina shaka. Ilikuja kupitia watu waliozoea kuulizana.

Sasa nije nyumbani. Mnajua paa la upande wa watoto linavuja, na harambee yake iko mwezi ujao. Watu wa mheshimiwa mmoja wamepiga simu wakitaka awe mgeni wa heshima. Wazee wamekaa na kumjibu kwa upole: anakaribishwa ibadani kama mtu yeyote, ataketi pale atakapopata nafasi, maikrofoni hatapewa, na akitoa atatoa kwenye kikapu kama mama mboga anavyotoa. Bado hajarudisha jibu. Inawezekana mabati yakachelewa, na msimu wa mvua ukija tutawaleta watoto ndani tukae nao kwa kubanana.

La pili, kuanzia mwezi huu karatasi ya hesabu itabandikwa mlangoni: kilichoingia, kilichotoka, kiasi kilichoenda kwa mchungaji, na kiasi kilichofika kwa wajane 11 walio katika daftari letu. Mashemasi wamelitembeza daftari hilo mtaani, na tayari wamepata mama wengine watatu ambao hawakuwa wameandikwa. Wawili kati yao hawasemi lugha inayosemwa na wengi wetu hapa.

La tatu, kamati ya fedha ina nafasi tatu. Wazee wamekubali zijazwe na watu walio chini ya miaka 30, na wale walioacha kuja wakitaka kurudi kwa kazi hii hawatawekwa kando. Nimemtumia yule kijana wa steji ujumbe. Amesoma, hajajibu. Majina mengine yaletwe kwa katibu kabla ya Jumapili ya pili, yakiwa yameandikwa kwenye karatasi, pamoja na nambari ya simu, na jina la mtu mmoja asiye wa jamaa yake anayeweza kumshuhudia kwamba ana sifa njema.