Haki ya Chaza na Haki ya Jicho

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba bahari na vilivyomo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Miongoni mwa mambo yaliyozuka zama hizi ni mtu kuweka nyumbani kwake birika la vioo lenye maji ya chumvi, akamtia ndani chaza mkubwa wa miambani, ambaye wataalamu humwita Tridakna, kwa ajili ya kumtazama tu. Hamli wala hamuuzi. Basi watu huuliza: je, jicho lina haki ya kumfunga kiumbe?

Chaza huyu yumo katika miamba ya mwambao huu, na jamaa yake aliyeko visiwa vya Pasifiki hupita mita 1 kwa urefu na kilo 200 kwa uzito. Afunguapo makombe yake hutandaza pindo la nyama lenye rangi za kijani, samawati na zambarau. Ndani ya pindo hilo vimo vijimea visivyoonekana kwa macho, ambavyo hupokea nuru ya jua vikamfanyia chakula. Na ukingoni mwake pana vijicho mamia visivyotambua sura ila kivuli. Kivuli kikimpitia hujikunja na kujifumba, akichelea adui.

Ama asili ya jambo hili ni ruhusa. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Abu Umair, nduguye mdogo Anas bin Malik, alikuwa na ndege wa kuchezea, na Mtume akimwuliza khabari za ndege huyo wala hakumkataza. Wanazuoni wakatoa humo kwamba yafaa kufuga ndege kwa kupendezwa naye, maadamu haudhiwi. Na Ibn al-Qass, katika wanazuoni wa Kishafii, aliandika risala nzima juu ya faida za hadithi hii moja.

Lakini penye ruhusa pana sharti. Imepokewa pia khabari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka: alimfunga, asimlishe, wala asimwache ajitafutie. Na katika Minhaj ya Imam Nawawi imethibiti kwamba mwenye mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa kumlisha, au kumuuza, au kumchinja akiwa ni wa kuliwa.

Basi riziki ya chaza ni nini? Kubwa yake ni nuru. Kisha maji safi ya chumvi kiasi cha sehemu 35 katika 1,000, yenye uvuguvugu wa baina ya daraja 25 na 27, na chokaa ndani ya maji ya kujengea makombe yake. Mwenye kumweka kizani kwa kuwa taa ni ghali, huyo amemnyima chakula. Tofauti ni kwamba paka hulia akasikiwa, na chaza hufifia rangi siku baada ya siku, na wageni wakaendelea kumsifu.

Wengi hulisimamisha birika likawa refu kama kabati, wakamtazama kwa ubavuni. Hao hupata kuona kombe na ukingo wa nyama, kwani chaza ameelekeza uzuri wake juu, kwenye nuru. Lililo bora ni birika pana lisilo na kina kirefu, lililo wazi juu na kuwekwa chini, hata aliyesimama kando yake aone kwa juu. Maji yakitibuka, husimamishwa mashine yake kitambo kidogo, na uso wa maji ukatulia. Taa itundikwe upande wa pili, ili kivuli cha mtazamaji kimwangukie nyuma yake, kisimwangukie chaza. Tena apewe jiwe la kushikamana nalo, kwani hujifunga kwa nyuzi zake mwenyewe. Mwenye kumng'oa kwa nguvu humjeruhi, na huenda akamwua.

Katika mengi ya haya, haki ya jicho na haki ya chaza zimekutana: maji machache ya juu yake humzidishia nuru, na humzidishia mtazamaji uwazi. Zinapogombana, kama wageni kumpitishia vivuli mchana kutwa, hutangulia haki ya chaza. Jicho likikosa limekosa starehe, na yeye akijifumba amekosa riziki.

Lau mtu atasema: chaza hana akili, wala hajui kwamba amefungwa, basi ana haki gani? Atajibiwa: haki haikusimama juu ya kujua kwake mwenye haki. Yatima aliye mchanga hajui mali yake, na kuila mali hiyo ni haramu. Aliyemtoa kiumbe katika riziki aliyopewa na Mola wake, amejitwika kuitoa yeye.

Wazee wa Lamu walikuwa wakiweka samaki wadogo katika mabirika ya nyumba zao, wale viluwiluwi vya mbu. Na chini ya birika wakatia bakuli, ili maji yakipungua samaki wapate pa kukimbilia. Samaki wale walikuwa ni wa manufaa, na juu ya hayo hawakusahauliwa.

Limebaki lile la kumpata. Tangu mwaka 1985 aina zote za chaza huyu zimo katika mapatano ya mataifa juu ya biashara ya viumbe vya mwituni na baharini, hata asivushwe mpaka ila kwa kibali. Na huko Palau, katika miaka ya 1980, walijua kuwazalisha kwa wingi. Basi aliyenunua wa kuzalishwa si kama aliyemng'oa mwambani kwa siri, akawaachia wavuvi mwamba mtupu.

Na mwenye birika ajipime kwa jambo moja: lau wageni wangekoma kuja, je, taa ingeendelea kuwashwa? Ikiwa ndiyo, na atazame, azingatie uwezo wa Muumba. Ikiwa siyo, amrejeshe kwa aliyemuuzia, au ampe mwenye kumtunza, kabla hajaulizwa.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.