Akiridhia Mwenye Kuuawa



Huenda ukastaajabu kuona mzee wa chuoni anataja mchezo wa video. Hata mimi nilistaajabu, kwani niliitwa na mjukuu wangu nimtazame kidogo tu, nikajikuta nimeketi nyuma yake mpaka saa tano za usiku.

Mchezo wenyewe ni wa Kijapani, ulitolewa na kampuni ya Tecmo mwaka 2003, na jina lake ni Fatal Frame II. Wasichana wawili pacha, Mio na Mayu, wanapotea mwituni wakaingia katika kijiji kisichopambazukiwa. Humo wafu wanatembea, na silaha ya Mio si panga wala bunduki, ni kamera ya zamani. Mzuka ukaribiapo ndipo picha inapoudhuru zaidi, basi hana budi asimame autazame uso kwa uso. Hayo ndiyo yanayowatia vijana khofu. Mimi walionitia khofu ni wazee wa kijiji kile.

Kwani wazee hao waliamini kwamba chini ya ardhi yao pana shimo la giza lisilotulia ila pacha mmoja amnyonge mwenziwe kwa mikono yake mwenyewe. Na roho ya aliyenyongwa, kwa itikadi yao, hugeuka kipepeo mwekundu. Tazama jinsi dhulma inavyovishwa nguo nzuri! Katika mwisho mmojawapo wa mchezo, Mio anamnyonga Mayu.

Nikasema, "Huku ni kuua."

Mjukuu wangu akanijibu, "Lakini babu, Mayu mwenyewe ameridhia."

Neno hilo lilinikosesha usingizi, maana silo geni majumbani mwetu. Mtumishi ameridhia mshahara ule. Binti amenyamaza, basi ameridhia. Ni nani kati yetu aliyewahi kuuliza, lau angekataa, angekwenda wapi? Katika kijiji kile pacha mmoja wa zamani, Yae, alikimbia. Nduguye Sae aliyebaki wakamtundika peke yake.

Na jambo hili Wajapani hawakulianza kwenye michezo. Wanazo hekaya kongwe za watu waliozikwa hai chini ya ngome na madaraja ili yasianguke. Katika ngome ya Maruoka, mkoani Fukui, husimuliwa habari za Oshizu, mjane fukara, chongo, mwenye watoto wawili. Ukuta wa mawe ulikuwa ukijengwa na kuanguka, ukijengwa na kuanguka. Akakubali kuzikwa chini ya nguzo kwa sharti moja tu, mwanawe afanywe samurai, yaani askari wa heshima.

Naye aliridhia, sivyo? Ama aliuza kitu cha pekee kilichombakia?

Ngome ikasimama. Bwana wake akahamishiwa jimbo jingine, na ahadi ya yule mtoto haikutimizwa. Kila mwaka handaki la ngome lilipofurika kwa mvua za Aprili, watu wa pale walisema ni machozi ya Oshizu.